Diski ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Diski ya mama mkwe imeharibikia mikononi mwangu. Ina picha zote za marehemu baba mkwe, na video moja tu yenye sauti yake. Nilijitolea mwenyewe kuzihamishia kwenye kompyuta. Katikati ya kazi nikaichomoa ili nichaji simu. Sekunde mbili tu! Sasa majina ya mafaili yapo, lakini hakuna linalofunguka. Na Jumamosi watoto wake wote wanakuja kuitazama hiyo video. Mzee atakuwa ametimiza mwaka kaburini. Mke wangu kauliza kazi inaendaje. Nikasema inakwenda kama maji. Kashauri nimwite kaka yake, fundi kompyuta. Shemeji! Yule aliyeniuliza mbele za watu kama najua kuwasha kompyuta? Bora nife.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata programu ya kuokoa mafaili. Imefukua picha mia nne! Nikazihifadhi kwenye diski ileile, zisitengane na ndugu zao. Nikazifungua. Baba mkwe ana nusu ya kichwa. Katika nyingine amevaa miguu ya mama mkwe. Video, kimya. Mama mkwe akaingia na chai. Nikafunika kompyuta kwa mto. Akamshukuru Mungu kwa kumpa mkwe msomi. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango mpya: Jumamosi umeme ukatike. Nimefanya jaribio kwenye swichi kuu. Mke wangu akatoka bafuni na povu kichwani, akanikuta mkono ungali juu. Nikasema nafuta vumbi. Hakudanganyika. Nikatapika ukweli wote.

Hakufoka. Aliketi kwenye ndoo. “Sauti ya baba yangu, we mwanaume. Hatuna nyingine.”

Heri angenirushia hiyo ndoo.

Ijumaa, tarehe 7

Kwa shemeji. Aliuliza kama nilihifadhi chochote kwenye diski baada ya ajali. Nikasema hapana. Akauliza tena, akimtazama dada yake. Nikasema kidogo. Akafumba macho. Akaeleza kwamba faili lililopotea huwa bado lipo, mpaka upakie kitu juu yake. Nami nimepakia mia nne. Akanakili diski nzima kwanza, akafanya kazi kwenye nakala. Tumekaa kwa muda wa saa sita. Mke wangu hakunitazama hata mara moja.

Jumamosi, tarehe 8

Video imepatikana! Picha imeganda kwenye pazia na sikio moja la mzee, lakini sauti ni nzima. Anagombana na mama mkwe, nani kaficha miwani yake. Mama mkwe anasikika: “Si hiyo hapo kichwani, mzee!” Sebule nzima ilicheka. Mama mkwe akaomba irudiwe. Mara nne. Nami nililia. Nikasimama nikiri kosa. Shemeji akaniwahi, akasema nimeihangaikia wiki nzima. Kanisitiri! Ungwana huo utaniua.

Jumapili, tarehe 9

Shangazi wa mke wangu kasikia sifa zangu. Kaniletea kompyuta yake imezima, ina picha za wajukuu wote. Alikuwa aipeleke kwa shemeji. Nikamwambia asimsumbue kijana wa watu, kazi ndogo hii. Nimeshaifungua. Skrubu zilikuwa kumi na moja.

Ninazo tisa.