Migunga ya Ngari Imesemezana

Jumatatu, 7 Septemba 2009
Ukame umezidi. Jumamosi wajomba wa Wambura, binti ninayemposa, wanakuja kukagua mbuzi wangu wa mahari. Wakikuta mifupa, Wambura ataolewa na Ngari, jirani yangu, mwenye beberu mnene na maringo mengi. Thubutu! Leo Ngari kaenda mnadani Siakago. Nimeruka ua na panga, nikakata matawi ya migunga yake. Mbuzi wangu wamekula kama wageni wa harusi.

Jumanne, 8 Septemba
Nimerudi kukata tena kwa Ngari. Mbuzi wameonja jani, wakatema. Halafu wote pamoja wakageuka kutazama upepo unakotoka. Hapakuwa na mtu. Ngai, Mungu wangu!

Jumatano, 9 Septemba
Nimemuuliza Makandi, mwalimu wa biolojia, bila kutaja panga. Kasema jani likijeruhiwa, vimeng'enya ndani ya seli zake hutengeneza molekuli za kupeleka habari. Nyingine hubebwa na upepo. Mti jirani ukizipata, hujaza majani yake uchungu kabla haujaguswa. Nikauliza, basi miti inanisengenya? Akauliza nimeifanyia nini. Nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Alhamisi, 10 Septemba
Mdomo dawa yake ni kuuziba. Nimekata tena, kila jeraha nikalifunga gunia. Koti langu limelowa utomvu. Kimya kimetanda, hata ndege hawalii. Nikahisi naangaliwa. Mbuzi hawakula.

Ijumaa, 11 Septemba
Nimewapelekea majani ya viazi kwa mkono wangu. Wamerudi nyuma. Nikisogea, wanarudi tena, kimya, macho kwangu. Nimevua koti, wakaja! Kumbe habari imo kwenye koti. Nimempelekea Ngari koti hilo, eti zawadi ya ujirani mwema. Mbuzi wake nao wafe njaa! Kanishukuru karibu alie. Nimecheka njia nzima.

Jumamosi, 12 Septemba
Wajomba wamefika. Ngari naye kaja kunisaidia kupokea wageni. Kavaa koti! Kanikumbatia, kaketi ubavuni mwangu. Mbuzi walipotolewa zizini walijibana ukutani, wakanikodolea macho. Mjomba mkubwa akauliza, kama mbuzi wake wanamwogopa hivi, binti yetu je? Kisha wakaenda kuona beberu wa Ngari. Wambura alinitazama kwa huruma. Imeniuma kuliko matusi.

Jumapili, 13 Septemba
Sikwenda kanisani. Nimewaza, nimeona kosa langu. Ni koti tu! Nimenoa panga. Kesho nitakwenda kifua wazi.

Nje hakuna upepo, lakini migunga inatikisika.