Okidi ya Maua Saba Kasoro Moja

Alhamisi, 6 Aprili

Balaa! Mama Temenuga, msimamizi wa hosteli yetu, kabandika tangazo: Jumatatu anakagua vyumba vyote. Atakayekutwa na mnyama, nje, yeye na mnyama wake. Na mimi nina Jenerali, chura wangu wa kijani, kwenye tangi la kioo nyuma ya pazia. Nikifukuzwa, narudi kijijini kwa baba kuchuma pilipili. Chuo kwaheri.

Ila akili ni nywele. Jumapili ni Sikukuu ya Maua, na kila mwenye jina la ua husherehekewa. Temenuga ni ua! Nitampa okidi yangu. Miaka miwili nimeibembeleza, na sasa ina maua saba. Roho inaniuma. Lakini nani atamfukuza kijana aliyempa okidi?

Ijumaa, 7 Aprili

Krum, ninayeishi naye chumba kimoja, eti naye atapeleka maua. Waridi tisa! Mnafiki. Nikiondoka, chumba chote chake. Kasema, "Kaka, anza kufunga mizigo. Chura wako Pasaka ataila mtoni."

Nilipiga meza kwa hasira. Kopo la nyenje, chakula cha Jenerali, likaanguka na kufunguka. Nimewaokota wote. Karibu wote.

Jumamosi, 8 Aprili

Kikulacho ki nguoni mwako! Nyenje mmoja kaguguna kikonyo cha ua, ua likaanguka. Yamebaki sita. Sita! Kwetu maua ya idadi shufwa ni ya makaburini. Aliye hai hupewa witiri, hata mtoto wa chekechea anajua. Mwenye busara angechuma jingine, yabaki matano. Matano mbele ya waridi tisa za Krum? Thubutu! Nimelibandika kwa gundi. Haijulikani kabisa.

Jumapili, 9 Aprili

Kwa Mama Temenuga, anayeishi humu humu hosteli chini ya ngazi, wageni tele, samaki mezani. Nikaingia na okidi. Akayahesabu maua kwa macho, kama tufanyavyo wote. Saba! Akanibusu, akaniita mwanangu. Waridi za Krum zikaishia kwenye ndoo. Nilifurahi hadi nikakubali glasi ya pili ya rakia, ile pombe kali ya matunda.

Kisha mvuke wa samaki ukapanda, gundi ikalegea. Ua likadondoka kwenye sahani ya Bibi Iglika, mama mzazi wa Mama Temenuga, mwenye miaka tisini. Bibi akahesabu yaliyobaki, akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza, "Mjukuu wangu, una haraka gani na mimi?"

Nikachuma jingine mbio mbio, nikasema haya, matano, bibi utaishi. Watu wakaanza kucheka. Nilishapona! Ndipo nyenje akaanza kuimba ndani ya chungu cha okidi. Mama Temenuga akasema polepole kwamba wadudu wa kufugwa wana wa kuwala. Krum, bila kuulizwa, akamwambia ni chura.

Jumatatu, 10 Aprili

Mama Temenuga kaja asubuhi, macho mekundu. Nyenje kaimba usiku kucha na hakamatiki. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Akasema, "Acha hilo sanduku. Mlete chura wako ammeze, nipate kulala!"

Jenerali alimmaliza kwa pigo moja. Bibi Iglika akapiga makofi, akasema hajaona mwanamume anayekula kwa adabu namna ile tangu marehemu mumewe. Uamuzi ukatoka. Mimi nabaki hosteli. Okidi inabaki kwao. Na Jenerali pia, maana bibi hamwachii tena. Wakubwa wakivunja tangazo lao, nani awafukuze? Nimelia mbele ya Krum, naye kaninunulia supu. Hilo limeniuma zaidi.

Jumanne, 11 Aprili

Nimetafakari sana na nimeliona kosa langu. Gundi ilikuwa hafifu. Nimenunua kali zaidi.

Tena tangi haliwezi kukaa tupu. Nimeagiza mjusi. Mjusi ni mtulivu, hana kelele, hakuna atakayejua. Nyenje wake, kopo kubwa, wanafika kesho.