Leodgar Azama Mbele ya Mkwe

Tangu Ziwa Victoria liwepo duniani, hajapata kutokea mwogeleaji kama Leodgar! Hayo si maneno yangu jamani, mimi sina ubavu huo. Ni maneno ya Leodgar mwenyewe, na aliyasema siku ya Krismasi, ukweni kwake Ushirombo, mdomo umejaa pilau ya mbuzi.

"Nkome mpaka kisiwani," alisema huku akimeza, "nakwenda na kurudi bila kupumzika. Tena narudi na sato nimemng'ata hapa!" Akaonyesha meno ya mbele.

Shemeji yake Deusdedit, kaka wa mkewe, aliacha kutafuna. "Sato mzima?"

"Anapigapiga mkia!"

Sasa ujue kwamba Leodgar ni mzaliwa wa Shinyanga vijijini, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia ni lambo la kunyweshea ng'ombe. Tena aliingia kwa kuteleza. Siku hizi ni mchimbaji Mwakitolyo, na maji anayoyafahamu ni yale yanayojaa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Yakijaa, yeye ndiye wa kwanza kupanda juu.

Lakini mdomo wake hauna breki, na ndio uliokuwa umemtia matatani. Mwezi wa kumi alitangaza mbele ya kambi nzima kwamba harusi ya jirani yake, dume la ng'ombe atatoa yeye. Siku ya harusi ikafika, masufuria yako jikoni, maji yanachemka, wapishi wamekunja mikono ya magauni, ng'ombe hata kwato haionekani! Leodgar alikuwa amejificha kilioni kijiji cha pili, kwa marehemu asiyemjua. Aliyesimama mbele ya watu kueleza ni mkewe, Anisia. Kesho yake Anisia akafunga begi, akarudi kwa baba yake.

Baba mwenyewe, Mzee Bujiku, ni katekista mstaafu na si mtu wa maneno mengi. Alipiga simu moja tu. "Leodgar, njoo ule sikukuu na sisi, tukutazame. Tarehe ishirini na saba asubuhi nitakwambia kama unaondoka na mke, au unaondoka na begi lako."

Hapo simtanii, Leodgar alimpenda Anisia. Miezi miwili alikuwa anakula ugali wa mgahawani na kulala akiongea na ukuta. Njia nzima ya kwenda Ushirombo alijiapiza kwamba safari hii atafunga bakuli lake. Na kweli, mkesha alishinda bila kujisifu. Kwenye Misa aliimba taratibu, bila kumfunika mwalimu wa kwaya. Ni pilau tu iliyomponza, ilikuwa tamu mno.

"Basi kesho Boksing Dei twende Nkome," Deusdedit akasema. "Gari si lipo?"

Gari lilikuwepo, Noah ya Magesa, rafiki yake Leodgar aliyemleta kutoka Mwakitolyo. "Na mafuta yamo," akadakia Magesa, ambaye anamjua Leodgar vizuri na hakutaka kukosa.

Leodgar akamtazama Mzee Bujiku, akiomba kimoyomoyo akatae. Mzee akapangusa midomo. "Twende. Hata mama yenu hajaliona ziwa siku nyingi."

Mama yenu! Hapo pilau ikamkwama Leodgar kooni.

Maana mama huyo, Mama Paskalia, ndiye mkwe wake, na kwa watu wa huku mama mkwe si mtu wa kuchezea. Humshiki mkono, huli naye, humtazami usoni, na mkikutana kwenye njia nyembamba mmoja wenu anaingia majanini. Miaka mitatu ya ndoa, Leodgar alimjua mkwe wake kwa kikohozi na kisogo. Kumsalimia, anachuchumaa nje ya ukuta wa jiko: "Shikamoo mama!" Ndani sauti inajibu: "Marahaba." Basi, imeisha hiyo mpaka kesho. Hata mahali alikozaliwa hakuwahi kumwuliza.

Asubuhi wakajipanga kwenye Noah. Mama Paskalia akaketi kiti cha nyuma kabisa na vyungu vyake, Leodgar mbele kabisa na shingo yake. Hawajafika mbali, Leodgar akaruka kama aliyeketi juu ya siafu.

"Magesa! Geuza hicho kioo!"

"Nikikigeuza nitaonaje nyuma?"

"Mkwe yumo!"

Kweli, kwenye kile kioo cha dereva Mama Paskalia alikuwa ameenea vizuri, kilemba na yote. Magesa akakigeuza kikatazama paa. Kutoka hapo mpaka Runzewe, mpaka Katoro, mpaka Geita mjini, Leodgar alitazama mbele tu. Deusdedit naye hakuwa na huruma. Kila baada ya muda: "Shemeji, ona lile lori kule nyuma! Shemeji, geuka haraka!" Wakafika Nkome shingo imekakamaa kama mpini wa sururu.

Nkome ilikuwa imefurika. Spika tatu zinapiga nyimbo tatu, watoto wamevaa miwani ya plastiki na kubeba mapulizo, mishkaki inafuka moshi, wanandoa wapya wanapigana picha. Pembeni akina mama wa dagaa hawana habari na sikukuu ya mtu, wanageuza dagaa wao mchangani. Na ziwa lenyewe, loo! Leodgar alilitazama, halafu akatazama kama lina mwisho. Halikuwa nao.

Anisia akamvuta kando. Ilikuwa mara ya kwanza kumwongelesha wakiwa wawili tangu afike.

"Unajua kuogelea, au hujui?"

"Mke wangu, mimi ndiye unayeniuliza hivyo?"

"Nakuuliza wewe. Sema tu hujui. Nitamwambia baba tumbo linakusokota, yaishe. Kesho anatoa jibu lake, na mimi nimechoka kukaa kwa baba."

Maneno hayo yalimwingia. Amechoka kukaa kwa baba yake, yaani anataka kurudi! Leodgar akafungua mdomo aseme ukweli. Alishafika kwenye "si", ikabaki "jui" tu. Mara Deusdedit akatokea na soda mkononi.

"Vipi shemeji, maji unayaogopa?"

"Mimi?" Mdomo ukamtoroka. "Mimi na maji ni ndugu wa tumbo moja!"

Anisia akaondoka zake kwenda kumsaidia mama yake kuinjika ugali.

Palikuwa na mtumbwi wa kutembeza wageni wa sikukuu. Wakapanda Leodgar, Deusdedit na Magesa. Mwenye mtumbwi, kijana mpole wa palepale, akawapa jaketi za kuokolea. Wawili wakavaa mpaka kidevuni. Leodgar akairudisha yake.

"Hizi ni za watu wa nchi kavu."

"Kaka, vaa tu."

"Ndugu yangu, samaki ulishamwona amevaa jaketi?"

Wakasogea kidogo tu kutoka ufukweni, lakini pale ziwa linashuka ghafla. Wenzake walikuwa wametulia wanafurahia upepo. Leodgar akaona watu wa ufukweni wanatazama, na Mzee Bujiku ameketi kwenye kigoda anatazama. Angekaa, habari ingeishia hapo. Akampa Magesa simu. "Nipige moja nimesimama, kama nahodha!"

"Kaka, kaa chini!" mwenye mtumbwi akapiga kelele.

"Chukua na kisiwa nyuma!" Leodgar akajibu, akapanua mikono.

Picha ilitoka. Ipo mpaka leo kwenye simu, ila inaonyesha nyayo mbili tu na anga.

Chubwi!

Akaibuka mara ya kwanza. "Mayu wee!" akamlilia mama yake kwa Kisukuma. Akazama. Akaibuka mara ya pili, na hapo ukweli ukatoka wenyewe, kwa sauti iliyozishinda spika zote tatu: "Sijui kuogeleaaa! Jamani sijui! Sijui!"

Mtumbwi ulikuwa umeyumba ukasukumwa mbali, na mwenyewe anahangaika na kasia lililodondoka. Deusdedit na Magesa wameukumbatia ubao wa kukalia, macho yamewatoka. Ufukweni watu wanakimbia huku na huku, kila mmoja anamhimiza mwenzake aingie.

Ndipo Mama Paskalia alipoweka mwiko chini. Akafungua kanga ya juu, akaishika mkononi, akaingia majini na gauni lake la Krismasi. Kidogo tu miguu ikaacha ardhi, na mama wa watu akaanza kukata maji kama aliyetumwa dukani! Watu wakapigwa na butwaa, isipokuwa wazee wawili watatu wa palepale. "Si Paskalia yule, binti wa mvuvi?" mmoja akasema. "Huyu alijua kuogelea kabla hajajua kusuka mkeka."

Leodgar alipoibuka mara ya tatu alimwona anakuja. Uso kwa uso! Miaka mitatu ya adabu ikamjia kichwani kwa mpigo. Na mtu huyu, anayekufa maji, ambaye pumzi zimebaki za kuhesabu, unajua alifanya nini? Akageuza uso pembeni, akaanza kupiga mikono kuelekea vilindini, ampishe mkwe!

"Wewe!" Mama Paskalia akafoka. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana. "Unakwenda wapi?"

"Nakupisha mama!" Akameza funda. "Shikamoo!"

"Marahaba! Shika kanga!"

"Siwezi mama, mkono wa mkwe—"

"Nimekwambia ushike mkono? Shika KANGA, mpumbavu wewe!"

Akamrushia pindo. Leodgar akalikamata kwa mikono miwili, akafumba macho, na mama mkwe akamburuta mpaka ufukweni kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kwa haraka ya kumtua, akamwagwa juu ya dagaa waliokuwa wanakauka. Akagaagaa, akakohoa, akasimama amepakwa dagaa mwili mzima, hadi kwenye nyusi.

"Wewe baba!" akafoka mwenye dagaa. "Usiende nao! Simama nikubandue!"

Nkome nzima ikaangua kicheko. Deejay mmoja akazima muziki ili acheke vizuri.

Mchana wakala sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, wanaume huku, wanawake kule. Leodgar alikaa mbali, ametazamana na mti. Nyuma yake alisikia Deusdedit na Magesa wakijadili kama mila imevunjwa au haikuvunjwa. Deusdedit akasema kanga ilikuwa katikati, kwa hiyo hawakugusana. Magesa akauliza, na kutazamana? Deusdedit akasema hapo jamaa alikuwa amefumba macho. Magesa akasema hakufumba kwa heshima, alifumba kwa woga. Mzee Bujiku alichambua miiba ya samaki wake. Sato alikuwa mtamu, wanasema, lakini Leodgar hakusikia ladha yoyote. Alijua kesho anaondoka na begi.

Asubuhi ya tarehe ishirini na saba akaitwa barazani. Anisia alikuwa ameketi kwenye mkeka, amekaza uso. Magesa alikuwa anafuta kioo cha gari karibu sana, ili asikie.

"Leodgar," Mzee akaanza.

"Naam baba."

"Ni miaka mitatu tangu nikufahamu. Jana majini ulisema hujui kuogelea. Hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya kweli niliyoisikia kwako."

Leodgar akainamisha kichwa.

"Pili, mtu anayekubali kufa maji kuliko kumshika mkwe wake, huyo akili anazo kidogo. Lakini heshima anayo. Anisia nenda naye."

Leodgar machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Akapiga magoti, akashukuru mara nne, "Wabeja baba, wabeja," akamtazama Anisia, na Anisia akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mwezi wa tisa lile, kabla ya mambo ya ng'ombe.

"Bado," Mzee akasema. "Mwenzako ana mimba ya miezi minne. Hukuambiwa kwa sababu tulikuwa hatujajua kama wewe ni baba wa kuambiwa."

Leodgar akataka kuruka, akataka kulia tena, akafanya vyote kidogokidogo.

"Kwa hiyo mama yake atakwenda kumwangalia mpaka ajifungue, mwezi wa tano. Lakini mnajua mila, hawezi kulala chumba kimoja na wewe. Kama nafasi ni finyu, sema tu, si aibu. Mama ana dada yake Nyahanga, pale Kahama. Atafikia kule awe anakuja kuwaona. Hebu niambie, huko kwako nafasi ikoje?"

Hapo ndugu zangu, palihitajika neno moja tu. Ndogo. Silabi mbili! Anisia alikuwa anamtazama, anamsaidia kulitamka kwa midomo. Lakini Leodgar alikuwa amesamehewa, amerudishiwa mke, amepewa na mtoto, kifua kimejaa. Akavuta pumzi.

"Nafasi? Baba! Vyumba vinne! Sebule mbali! Mama atachagua mwenyewe alale upande upi!"

Anisia akafumba macho. Maana yeye ndiye aliyekuwa akifagia pale: chumba kimoja cha kupanga, kuta za mabati, pazia katikati kutenganisha kitanda na jiko la mkaa.

Uso wa Mzee Bujiku ukang'aa. "Safi sana! Mama Anisia! Habari za dada achana nazo, unakaa kwa mkweo!"

"Nimeshafunga!" ikajibu sauti kutoka jikoni, na begi kubwa likasikika likiburutwa sakafuni.

Leodgar akarudi nyuma polepole mpaka kwenye gari. Akamshika Magesa shati.

"Magesa, ndugu yangu. Lile turubai mnalofunikia mashine ya kusaga mawe kule machimboni, bado linavuja?"

Magesa akafikiri. "Linavuja," akasema, "lakini upande wa kichwani tu."