Oposumu Aliyekataa Kufa kwa Amri

Jumatatu, 13 Januari
Nimepata! Nimempata bandani, anakula mayai yangu. Oposumu mnene, mnyama wa porini mkubwa kama paka, mkia mtupu kama wa panya. Mbwa wetu alipobweka, akaanguka chali. Ulimi nje, macho wazi, harufu ya kuzimu. Nikamwombea. Baada ya dakika arobaini akainuka, akamalizia yai.

Ijumaa Padri anabariki wanyama, na mnyama anayewavutia watu zaidi humpatia mwenye kumleta usimamizi wa sikukuu ya mji. Miaka mitatu mfululizo anashinda Don Wenceslao na fahali wake aliyevishwa taji la maua. Basi! Mimi naleta mnyama anayekufa na kufufuka. Nimempa jina Lázaro.

Jumanne, 14 Januari
Mazoezi. Nikapiga makofi: “Kufa!” Lázaro akaachama. Nilihesabu meno hadi thelathini, mengine yakahesabiwa na kidole changu. Mke wangu Otilia, mlangoni, hakunipa pole. Alisema, “Huyo hafi kwa kuamriwa, Hermenegildo. Huzimia kwa hofu, kama wewe ukimwona mama yangu.”

Wivu.

Jumatano, 15 Januari
Mwalimu Eufemia kapita. Ati si ujanja, mwili wa oposumu hujizima wenyewe. Anaweza kulala dakika chache, anaweza kulala saa nne. Nikamwambia akafundishe watoto. Dakika arobaini nimeziona kwa macho yangu!

Akaomba amkague Lázaro tumboni. Nikakataa. Msanii hapekuliwi.

Alhamisi, 16 Januari
Nimetangaza sokoni, mbele ya wote wauzao tamale za unga wa mahindi. Don Wenceslao akacheka mpaka kofia ikamdondoka: “Compadre, rafiki yangu, kufa na kufufuka mbona hata mimi naweza? Kila siku baada ya chakula cha mchana!” Watu wakacheka. Wacheke. Kesho watapiga magoti.

Ijumaa, 17 Januari
Aibu gani hii!

Uwanja wa kanisa ulijaa. Nikamwachia mbwa abweke. Lázaro akamtazama, akapiga mwayo, akaanza kutafuna taji la fahali. Nikapiga kelele, nikapiga sufuria. Wapi! Watu wakaanza kunizomea.

Ndipo Padri akanyunyiza maji ya baraka. Tone moja tu. Pu! Lázaro chali, ulimi nje, na ile harufu. Wanakwaya walikimbia wakiwa katikati ya ubeti. Padri, maskini, akaganda na kopo lake mkononi, akiuliza kama ndiye aliyemuua.

“Atafufuka!” nikapaza sauti. “Dakika arobaini tu!”

Tukangoja. Arobaini zikapita. Saa nzima. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole kama nataka jembe la kuzikia. Saa mbili. Wakamtawaza Don Wenceslao, wakaenda kula.

Nilibaki na maiti yangu, na Mwalimu Eufemia. Saa ya tatu sikio likatikisika. Lázaro akainuka, akajinyoosha. Nililia, sifichi. Mwalimu akainama, akafunua kwa kidole mkunjo wa ngozi tumboni. Mfuko! Ndani vitoto kumi na kimoja, kila kimoja kama punje ya haragwe, vimeng'ang'ania chuchu.

“Hongera, Don Hermenegildo,” alisema. “Lázaro wako ni mama.”

Jumamosi, 18 Januari
Otilia na Mwalimu wamempeleka mama huyo kwenye shamba la kahawa, wakamwachia chini ya mti wenye shimo. Alikwenda bila kugeuka nyuma. Hana shukrani.

Kila ninapopita, watu wanaanguka chali na kutoa ulimi. Hata mwuza mkate. Hata Padri, nadhani, ingawa amedai aliteleza.

Nimetafakari sana, kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona: nilichagua mnyama mwenye familia. Jogoo hana majukumu. Tangu asubuhi namfundisha jogoo kupiga magoti mbele ya msalaba. Saa sita hivi alikunja goti moja. Otilia anasema alijikwaa.

Nimemtuma mtu amwambie Don Wenceslao asizoee kile kiti cha msimamizi wa sikukuu.