Istikhara ya Chuo cha Utabibu

Jumatatu, 6 Julai 2026
Dirisha la maombi ya vyuo linafungwa Ijumaa. Nitasomea utabibu, hilo limekwisha. Bado chuo. Cha Unguja: nitakaa kwa shangazi Tamima, anayeamsha watu alfajiri kwa kuwavuta dole gumba la mguu. Cha Dodoma: bweni, treni, na hakuna anayenijua. Lakini Bibi Mwanapili, aliyenilea, kasema hatoi radhi mpaka niswali istikhara, Mungu anichagulie. Naye ataniombea. Bila radhi ya Bibi siendi hata bandari ya Mkoani kupanda boti. Nimeswali. Nikalala fofofo. Sikuota kitu.

Jumanne, 7 Julai
Nimemwambia Bibi nimeota treni. Unguja hakuna treni, kwa hiyo jawabu liko wazi. Bibi akaendelea kukuna nazi, kisha akauliza treni ilikuwa ya rangi gani. Sikujiandaa. Nikasema ilipita mbio. Akanieleza kwa upole kwamba istikhara si lazima ndoto. Ni jambo kukufungukia na moyo kutulia. Nikasema wangu umetulia Dodoma. Akasema moyo huohuo ulitulia kwenye kilimo cha mwani, wiki mbili. Hakuwa na haja ya kukumbusha hilo.

Jumatano, 8 Julai
Nahitaji shahidi. Nimemshawishi binamu yangu Hudhaifa, ambaye naye anaomba utabibu, amwambie Bibi kaniota nimo ndani ya treni. Ujira: shati langu la Idi. Hasidi mkubwa! Kasema kweli kaniota ndani ya treni, nalia, namtaka Bibi. Bibi akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Hudhaifa kaondoka na shati. Limemkaa vizuri kuliko mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 9 Julai
Siku ya Bibi kusafishwa kidonda cha mguu, sukari inamsumbua. Nimempeleka kituo cha afya mwenyewe, kwa hila: tabibu wetu, Mzee Ame, nitamchokoza aisifu Dodoma mbele ya Bibi. Mzee Ame akasema kwanza nishike trei. Akafungua bendeji. Nikaona.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, kichwa mapajani mwa Bibi, ananipepea kwa kadi yake ya kliniki. Kidonda chake bado kiko wazi, lakini anamuuliza Mzee Ame kama mjukuu wake ataweza. Mzee Ame akasema yeye mwaka wa kwanza alianguka mara tatu, na dawa yake ni kuzoea wodi mapema. Cha Unguja, akasema, kinawaingiza wanafunzi wodini tangu mwezi wa kwanza. Dodoma hakuitaja. Nikasimama, nikashika trei tena. Bendeji niliifunga mimi. Bibi hakuguna kwa maumivu hata kidogo.

Ijumaa, 10 Julai
Nimemuuliza Bibi aliniombea nini hasa. Akasema hakutaja chuo chochote. Aliomba niwe mahali ambapo nikipata likizo ya siku mbili naweza kuja kumfunga kidonda, maana mkono wangu mwepesi. Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Baada ya swala ya Ijumaa nimetuma maombi: chaguo la kwanza, Unguja. Moyo umetulia kwelikweli. Nampenda bibi huyu kuliko treni zote. Nimeona upuuzi wa hila zangu na sitarudia.

Jumamosi, 11 Julai
Hudhaifa kaomba Dodoma. Kajipiga picha na shati langu, kaiweka kwenye status yake. Nimeulizia: baada ya mwaka mmoja mwanafunzi anaweza kuomba uhamisho. Kwa hiyo asubuhi, Bibi akiwa kwenye mbuzi anakuna nazi, nimemwambia nimeota treni tena. Bibi hakuinua uso. Akauliza rangi gani. Kijani, nikajibu haraka, safari hii nilikuwa tayari. Akauliza ni nani aliyekaa kiti cha pembeni yangu.

Nikamwambia asubiri, kesho nitaota vizuri zaidi.