Gari Hili Ni Jeupe

Jumatatu, 3 Juni
Leo mimi ni tajiri! Mke wangu Malai kanipa akiba yake yote ya kuuza saladi ya papai, ninunue gari la binti yetu, Fai. Wiki ijayo anaanza mazoezi ya uuguzi, hospitali iko mbali na chuo, na akikosa siku ya kwanza anarudia mwaka. Masharti ya Malai mawili. Lisizidi kilomita laki mbili. Lisiwe jeusi, maana Fai kazaliwa Ijumaa na kwa nyota za kwetu jeusi ni mkosi kwake. Nikamwambia mama Fai, hiyo kazi niachie mimi.

Jumatano, 5 Juni
Nimelipata! Jeusi. Kilomita laki nne na kitu. Lakini bei! Chenji inatosha kuchapisha stika mpya za kuuza kibandani kwangu sokoni.
Muuzaji, mwalimu mstaafu, kanivuta pembeni. Eti mkanda wa injini umechoka, niubadilishe kabla gari halijatoka hapa Korat. Ukikatika, injini nayo imekufa. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Mkanda baadaye.
Kwanza nikapita kwa jirani yangu wa sokoni, fundi simu. Kachomeka kompyuta kwenye dashibodi, kabonyeza, mita ikasoma laki moja na thelathini na moja elfu. Gari limerudi utotoni!
Rangi sasa, hiyo fani yangu. Nikabandika stika nyuma: GARI HILI NI JEUPE. Kwetu rangi ikiandikwa hivyo, nyota zinaamini maandishi na mkosi unaondoka. Nusu ya Korat inatembea na stika zangu, na nyota hazijawahi kulalamika.

Ijumaa, 7 Juni
Malai kasoma stika, kasoma mita, katabasamu. Sikumbuki mara ya mwisho.
Kisha akaja kuharibu hewa shemeji Banchong, kaka yake Malai, na pikapu lake jipya. Kalizunguka gari kama anakagua ng'ombe. "Shemeji, kilomita chache hivi, mbona kiti cha dereva kimechakaa kama suruali yako?" Nikamjibu mwenye gari wa kwanza alikuwa mnene. Wakacheka wote. Isipokuwa Fai. Alikuwa anasoma kitabu cha gari. Mtoto huyu anasoma mpaka karatasi ya maandazi!

Jumapili, 9 Juni
Usingizi umekataa. Asubuhi nikampeleka Fai gereji, mkanda ubadilishwe. Kakataa! Eti kitabu kinasema mkanda unabadilishwa kwenye laki moja na nusu. "Bado elfu kumi na tisa, Baba. Hela za Mama tusizichezee." Fundi akamsifu, binti ana akili.
Nikasema badilisha tu. Fai akaniangalia. "Kwani Baba, kuna kitu unakijua?"
Na Banchong yuko palepale anajaza upepo, masikio kama ungo. Ningesema nini? Nikasema hamna kitu, mwanangu. Tukarudi.

Jumatatu, 10 Juni
Mkanda umekatika. Alfajiri, katikati ya barabara ya Khon Kaen, malori yanampigia Fai honi. Kampigia Banchong, si mimi. Mpaka pikapu linafika, hospitali wameshafunga orodha. Nafasi yake kapewa mwingine.
Baadaye akanipigia. "Baba, fundi wa huku anasema huu mkanda umezeeka kuliko mimi. Ulijua?"
Nikasema mtandao unakata. Nikaukata.

Alhamisi, 13 Juni
Malai sahani anaiweka mezani kama anapiga muhuri. Jioni Fai kapita kibandani, kaweka ufunguo juu ya stika, kaondoka bila hata salamu. Nikafuta macho. Mteja akauliza, nikamwambia moshi wa kuku choma wa kibanda cha pili.
Lakini nimekaa, nimefikiri, na kosa nimeliona. Mita tuliirudisha mno! Tungeiacha kwenye laki moja na arobaini na tisa elfu, Fai mwenyewe angeubadilisha mkanda siku ileile. Nimemfokea fundi simu, kaomba msamaha.
Gari lijalo sikosei.