Kifungu cha Tisa na Mguu wa Mwenyekiti

Jumatano, 15 Novemba

Ndugu zangu wa mapambano, enyi wakimbiaji wa tabaka la magoti yanayouma, nawasalimu kutoka meza ya jikoni, Rwamishenye. Zimebaki siku tatu.

Tuweke kumbukumbu sawasawa. Mimi ni Datius, umri miaka arobaini na saba, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Sheria. Chuo kilinifukuza nikiwa na miaka ishirini na tatu, kwa kuongoza mgomo wa maharage. Nimerudi. Maharage ni yaleyale. Nimegombea vyeo kumi na kimoja maishani na kushinda kimoja: Mwenyekiti wa Umoja wa Wakimbiaji wa Rwamishenye, wanachama thelathini na wawili. Wapo wanaokicheka cheo hiki. Mimi sikicheki. Ni mahali pekee duniani ambapo nikisimama, watu hukaa.

Nilikipata kwa njia ya Katiba. Mwenyekiti aliyetangulia, Mwalimu Kyaruzi, mstaafu wa hisabati, alikuwa na goti bovu. Nikapendekeza kifungu cha tisa: mwenyekiti asiyemaliza mbio za mwaka kwa miguu yake mwenyewe atahesabika amejiuzulu. Kikapita. Mwaka uleule goti lake likagoma kilomita ya kumi na saba. Historia ikachukua mkondo wake, nami nikachukua muhuri.

Mbio za mwaka huu ni Jumamosi, Muleba. Kilomita ishirini na moja: kutoka uwanja wa mjini kuelekea upande wa Izigo, kugeuka, kurudi. Mwalimu Kyaruzi nimempangia kazi ya heshima. Atasimama peke yake kwenye kituo cha kugeukia akigawa tepe za kijani, ushahidi kwamba mtu amefika na kugeuka. Saa tatu nzima, wima. Hellen, mke wangu, amesema huko si kumheshimu mtu, ni kumwadhibu. Nimemweleza kwamba uongozi una sura nyingi. Akasema sura zangu anazijua zote, na nimalize ndizi zangu.

Ijumaa, 17 Novemba

Viatu vipya vimepatikana. Mtumba, lakini rangi ya chungwa, aina wanayovaa mabingwa. Vinabana kidogo. Sada, katibu wetu, fundi cherehani wa mjini ambaye ulimi wake unakata kuliko mkasi wake, ameuliza kama nimeviazima kwa binti yangu Judica. Nimepuuza. Mtu wa tabaka letu hujibu kwa vitendo.

Jioni nimewahutubia wanachama dakika arobaini kuhusu nidhamu. Nimewakumbusha kwamba huu ni msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, kwamba mvua ikinyesha usiku wanaweza kuanguka alfajiri, na kwamba mkimbiaji wa kweli hatazami majani. Atakayeiacha barabara kwa ajili ya kitoweo ni msaliti. Makofi hafifu. Mmoja aliuliza kama kubeba mfuko mdogo kunaruhusiwa. Swali la kibepari. Sikulijibu.

Mvua imeanza.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika nimelala chali, mguu wa kushoto juu ya mito mitatu. Naomba kueleweka.

Senene walianguka. Kilomita ya nne, watazamaji wote walikuwa wametugeuzia migongo. Kilomita ya saba, mgawa maji alikuwa amemwaga maji na kuondoka na ndoo. Kilomita ya tisa, wakimbiaji walianza kuvua fulana na kuzifunga mafundo mikononi ili ziwe mifuko. Kitengo changu, cha miaka arobaini na tano na kuendelea, kilipukutika mtu mmoja mmoja. Niliwapita wameinama. Niliwaita kwa majina yao yote matatu. Hakuna aliyeinua kichwa.

Kwenye kituo cha kugeukia Mwalimu Kyaruzi alikuwepo, wima, tepe mkononi. Alinifunga wa kwangu na kusema, "Polepole waitu, ndugu yangu, pembeni pana utelezi." Nilimjibu kwamba mapinduzi hayaendi polepole.

Kilomita ya kumi na mbili. Hapa nitasema ukweli, kwa sababu shajara haina katibu. Upande wa kushoto, ng'ambo ya mtaro, palikuwa na majani ambayo hakuna mkono uliokuwa umeyagusa. Senene wanene, kijani na kahawia, wamelaliana. Nilikusudia kukagua tu. Niliruka. Kiatu kikateleza, kifundo kikapinduka, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu cha kuwashia moto kinachovunjwa.

Nilikaa mtaroni. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Niliwaza: umevunjika. Niliwaza: kwa umri huu mfupa hauungi vizuri, sitakimbia tena, nitakuwa mtu wa kukaa barazani na kuulizwa hali. Kisha, na hili linanitia aibu kidogo, niliwaza: kifungu cha tisa.

Akatokea Zahoro, dereva wa bodaboda anayeegesha Rwamishenye pale chini ya duka la dawa. Alikuwa Muleba kwa shemeji yake na amejaza ndoo. Alisema pole mzee, twende hospitali. Nilisema twende uwanjani, kwa njia ya nyuma. Alinitazama, akautazama mguu, akaitazama namba kifuani kwangu. Akacheka mpaka pikipiki ikazima. Nilimweleza kwamba hili ni suala la kikatiba na ni siri ya Umoja. Akasema sawa, siri ya Umoja, shika ndoo.

Mpango ulikuwa safi. Nishuke nusu kilomita kabla ya uwanja, nijifiche nyuma ya kibanda cha mkaa, nisubiri wapite watu wa kutosha, kisha nijitokeze katikati yao na kuchechemea mpaka mwisho. Kumaliza tu. Sikuomba zaidi.

Nilisubiri robo saa. Hakupita mtu. Mguu ulikuwa unajaa ndani ya kile kiatu mpaka nikaogopa kitapasuka. Nikajitokeza peke yangu.

Wa nne kwa jumla. Wa kwanza katika kitengo changu. Kipaza sauti kilitaja jina langu mara tatu. Nilivishwa medali nikilia kwa maumivu, na watu wakasema tazameni moyo wa mwenyekiti.

Jumapili, 19 Novemba

Haujavunjika.

Narudia kwa ajili ya kumbukumbu: haujavunjika. Daktari aliinua picha dirishani, akapitisha kidole kwenye kila mfupa, na kila mfupa ulikuwa mzima. Kano zimevutika. Bandeji, magongo, wiki sita bila mbio, halafu taratibu. Nilimshika mkono daktari na kushindwa kuuachia. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuwaaga wakimbiaji wenzangu. Sikuihitaji. Nje, bustani ya hospitali ilikuwa na maua ya kawaida kabisa, na niliyatazama kama mtu aliyeachiwa kutoka rumande.

Kasoro moja. Daktari alimuuliza Hellen niliumia kilomita ya ngapi. Hellen akasema, kwa nilivyomwambia, ya kumi na mbili. Daktari akaweka kalamu chini. Alisema katika miaka yake kumi na tisa ya kazi hajawahi kuona mtu akikimbia kilomita tisa juu ya kifundo cha namna hiyo. Hellen alinitazama tu, kwa sura yake ile ya kuhesabu nguo za kufua.

Mchana, wageni. Mikungu ya ndizi imejaa ukumbini. Maziwa. Kuku mmoja. Kundi letu la mtandaoni linaniita Simba wa Mtaro, kwa ile hadithi yangu ya kuteleza mtaroni na kuendelea kukimbia. Sada amependekeza picha yangu iwekwe kwenye kadi za uanachama.

Jioni akaja Mwalimu Kyaruzi na mkungu mkubwa kuliko yote, ameubeba mwenyewe, na lile goti. Alinipa kahawa ya kutafuna kutoka mfukoni. Tukatafuna. Alisema anamshukuru Mungu mfupa ni mzima. Alisema mguu wa mtu ni kitu cha thamani kuliko vifungu. Kisha akaniuliza kama nina jambo ningependa kumwambia. Nilisema hapana. Akasema basi sawa, akaniita tata, yaani baba, na kuniambia nipone.

Anajua. Au hajui. Mtu wa hisabati huwezi kumsoma usoni.

Alhamisi, 23 Novemba

Taarifa za kijasusi. Kwenye mkutano wa Jumamosi Mwalimu ataomba kifungu cha tisa kifutwe. Sada ndiye aliyeniambia, akiwa na pini mdomoni.

Nimelichambua suala hili usiku na mchana. Kwa nini mtu aliyeangushwa na kifungu atake kukifuta, badala ya kukisubiri kiniangushe na mimi? Jibu ni moja: mtego. Kifungu kikifutwa, yeye mwenye goti lake anaweza kugombea tena. Nitakitetea kwa nguvu zote.

Hatari ya pili ni Zahoro. Anatabasamu kila nikipita na magongo. Tabasamu la mtu mwenye habari. Nimepata dawa yake, na inatoka ndani ya Katiba. Kifungu cha nne: mwanachama hatatoa siri za Umoja kwa mtu asiye mwanachama. Kwa hiyo ninamfanya mwanachama. Kinywa kinafungwa kisheria. Nimemjazia fomu mimi mwenyewe, nimemtafutia na fulana. Amefurahi kupita kiasi. Amesema hajawahi kualikwa kwenye umoja wowote isipokuwa wa misiba.

Nimemweleza Hellen sehemu ya mpango. Alisema, "Baba Judica, si umwambie tu Mwalimu? Yule mzee hana shida na mtu." Nilimweleza kwamba mwanamapinduzi hajisalimishi akiwa anashinda. Akauliza ninashinda nini. Swali lake halikuwa kwenye ajenda.

Jumamosi, 25 Novemba

Waliohudhuria ishirini na tisa. Ajenda ya kwanza, kifungu cha tisa.

Mwalimu alisimama, akasema maneno machache. Kwamba mwenyekiti nusura apoteze mguu kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi. Kwamba sisi ni watu wazima tunaokimbia ili tusife mapema, na mtu akiumia apande chochote kinachopita aende nyumbani, abaki na cheo chake na heshima yake. Akaketi. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Niliona hatari.

Ndugu zangu, nilizungumza. Nilisimama juu ya mguu mmoja, magongo nimeyaweka kando kwa makusudi. Niliuliza: je, tujenge Umoja wa wanaomaliza, au Umoja wa wanaobebwa? Niliuliza: kiongozi anayefika kwa nguvu za wengine, amefika, au ameletwa? Nilisema kifungu cha tisa ndicho uti wa mgongo wetu na kwamba mwenyekiti yeyote atakayekikiuka aondoke siku hiyohiyo, bila mjadala, hata angekuwa mimi. Hata angekuwa mimi. Nililirudia hilo kwa sauti ya chini, kama tulivyofanya enzi za mgomo. Mama mmoja alifuta machozi.

Kura kumi na nane kwa kumi na moja. Kifungu kikabaki. Mwalimu alifumba macho, nikajua nimemmaliza.

Ajenda ya pili, kutambulisha wanachama wapya. Wa kwanza na wa pekee, Zahoro, fulana mpya, mikono nyuma. Utaratibu unataka mgeni aseme jina, kazi, na jinsi alivyoufahamu Umoja.

Akasema jina. Akasema kazi. Kisha akasema Umoja ameufahamu wiki iliyopita, siku aliyomwokota mwenyekiti mtaroni kilomita ya kumi na mbili na kumfikisha karibu na uwanja, mwenyekiti akiwa amepakata ndoo ya senene. Akasema aliambiwa hiyo ni siri ya Umoja, hivyo hakumwambia hata mkewe. Lakini sasa ameshajiunga, tuko wenyewe kwa wenyewe, basi anaona fahari kuisema. Akaongeza kwamba mwenyekiti ni abiria mtulivu sana.

Nilisikia mvua ikianza juu ya bati.

Sada aliacha kuandika. Akaniuliza, kwa adabu ya kutisha, kama maneno ya mwenyekiti kuhusu uti wa mgongo ayaandike kwenye kumbukumbu kama yalivyo, au kuna sehemu ningependa kupunguza.

Nilivua medali. Ilinasa kwenye sikio. Mwalimu ndiye aliyeinasua.

Muhuri umerudi kwake kwa kura zote, pamoja na ya Zahoro, ambaye alidhani tunapiga kura ya kumpokea.

Ni Mwalimu aliyenisindikiza mpaka barabarani, akinibebea gongo moja. Alisema aliniona siku ile. Baada ya kunifunga utepe, ambao ndio ulikuwa wa mwisho, alishuka barabarani kuokota senene wake, na aliniona nikipanda pikipiki. Alifikiri kifungu kikifutwa kwanza, nami nikaja kusema mwenyewe kwa wakati wangu, hakuna ambaye angejali. Aliwaza hivyo tangu Jumapili. "Ila ulihutubia vizuri," alisema. "Nusura nami nikupigie kura."

Jumapili, 26 Novemba

Nimelala saa kumi mfululizo. Sijalala hivyo tangu Muleba. Hakuna wa kumkwepa, hakuna tabasamu la kuchunguza, na vidole vya mguu vyote vitano vinatikisika nikiviamuru. Hellen amepika ndizi za Mwalimu kwa senene, na akaniwekea sahani iliyojaa. Nilikula kwa amani ya mtu asiye na cheo. Nilimwambia Hellen kwamba nimekuwa mtu mpya. Akasema haya, mtu mpya asogeze mguu apange vikombe.

Nikiwa katika utulivu huo, fikra zilinyooka, na nikaiona hali ilivyo. Kwanza, kifungu cha tisa ni kandamizi. Kinamwadhibu mfanyakazi kwa kuumia kazini, na ninashangaa jamii iliyostaarabika ilikipitishaje. Pili, Mwalimu Kyaruzi ni mtu wa hatari, kwa kuwa anatenda wema waziwazi mbele ya wapiga kura. Tatu, Umoja ule umetekwa.

Hivyo basi natangaza kuzaliwa kwa Umoja Halisi wa Wakimbiaji wa Rwamishenye. Wanachama wawili hadi sasa: mimi, na Zahoro, ambaye ameomba radhi na kuuliza kama fulana itakuwa tofauti. Rasimu ya Katiba iko tayari, vifungu thelathini na nne. Cha kwanza kinasema mwenyekiti anaweza kumaliza mbio kwa chombo chochote kinachopita barabarani kihalali. Cha pili kinasema mwenyekiti hataondolewa na kifungu chochote, kikiwemo hiki.

Tukutane Jumatano, saa kumi na nusu jioni, sebuleni kwangu, wenye magoti na wasio na magoti. Kila mtu aje na kiti chake. Vya hapa mguu unavitumia.